Kashe Inapotoa Thamani ya Jana: Ushauri kwa Anayeandika Programu Karibu na Chipu

Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee anayelinda tangi la maji la mradi mmoja wa kijiji, mahali ambapo nilikuwa nimefunga kifaa cha kupima kina cha maji na kutuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko hasira: "Kijana wangu, tangi linafurika hapa mbele ya macho yangu, na mashine yako imeniandikia kwamba maji yako nusu." Nilimwomba radhi na kumwahidi kwamba kihisi kitabadilishwa. Kihisi kilibadilishwa, na baada ya siku mbili mashine ikaandika nusu tena.

Makala hii nawaandikia wenzangu wanaoandika programu zinazogusa maunzi moja kwa moja, iwe ni draiva (programu inayoendesha kifaa fulani), kerneli (kiini cha mfumo endeshi) au programu za vidhibiti vidogo (kompyuta ndogo za chipu moja). Yapo mambo mengi ya kusema kuhusu kashe, lakini nitashikilia moja: kasoro iliyomo ndani ya chipu yenyewe inapaswa kukwepwa mahali ambapo hakuna amri hata moja inayoweza kupita pembeni, na mahali hapo mara nyingi pako mbali na pale ulipoiona kasoro. Nililijua hilo kwa kuchelewa, na gharama yake ilikuwa nauli nyingi za basi.

Tuanze na kashe yenyewe, kwa ufupi. Prosesa ina kasi kubwa kuliko kumbukumbu kuu, kwa hiyo wabunifu huweka katikati yake kumbukumbu ndogo ya haraka inayotunza nakala za data iliyotumika karibuni. Nakala hizo hazichukuliwi baiti mojamoja. Huchukuliwa kwa mafungu yanayoitwa mistari, na urefu wa mstari hutegemea chipu, kwa kawaida baiti 32, 64 au 128. Mambo huwa shwari mpaka atokee mtu wa pili anayeigusa kumbukumbu kuu bila kupitia kashe hiyo. Katika kifaa changu mtu huyo alikuwa DMA, yaani sehemu ya chipu inayobeba vipimo kutoka kwenye vihisi na kuviweka kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa. DMA ikishaandika thamani mpya, prosesa lazima ibatilishe nakala yake ya zamani kabla ya kusoma. Na kinyume chake, prosesa ikiandika data ambayo DMA itaituma nje, lazima kwanza isafishe mstari, maana yake ishushe kwenye kumbukumbu kuu kile ilichokishikilia. Kazi hizo mbili, kubatilisha na kusafisha, ndizo chimbuko la takriban visa vyote nitakavyovisimulia.

Kifaa kilipofika mezani, nilikiwekea programu ya kutoa yote yaliyomo ndani ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu ambamo DMA huweka vipimo, kila mara kina cha maji kinaporuka ghafla. Bafa ilikuwa na baiti 256, zimegawanywa mafungu manane ya baiti 32, kila fungu likiwa na vipimo 16 vya kihisi kimoja: betri, joto, mkondo wa pampu na kadhalika, na kina cha maji kikiwa fungu la mwisho. Nakala mbovu ya kwanza ilinifundisha jambo ambalo sasa huwaambia vijana wote wanaokaa nami mezani: kabla hujauliza ni nani aliyeharibu data, pima upana wa uharibifu. Baiti moja au nne zikiharibika, shuku amri ya kuandika au pointa iliyopotea, yaani anwani inayoelekeza pasipofaa. Zikiharibika 4,096 kwa pamoja, shuku kurasa za kumbukumbu (mafungu makubwa ambamo mfumo huigawa kumbukumbu) na jedwali lake. Zikiwa 32 au 64, na zinaanzia kwenye anwani inayogawanyika kwa idadi hiyohiyo, basi kashe imeacha nyayo zake hapo na huna haja ya kupiga ramli.

Nyayo zangu zilikuwa za baiti 32 kamili. Hata hivyo zilikuwa ukingoni mwa bafa, na hapo ndipo nilipojikuta mimi mwenyewe ndiye mkosaji wa kwanza. Sikuwa nimeipanga bafa ianzie kwenye mpaka wa mstari wa kashe, kwa hiyo sehemu ya fungu la mwisho ililala kwenye mstari mmoja na kihesabio cha ujumbe uliotumwa. Prosesa ilipoongeza kihesabio, mstari mzima uliingia ndani ya kashe pamoja na vipimo vya saa iliyopita na ukahesabiwa kuwa umebadilishwa. DMA ikaandika vipimo vipya kwenye kumbukumbu kuu. Muda mfupi baadaye kashe ikashusha mstari wake na kuvifuta vipimo vipya kwa vya zamani. Chipu haikuwa na kosa lolote hapo. Niliipanga bafa upya, nikahakikisha kwamba mwanzo wake na urefu wake vyote vinagawanyika kwa 32, nikarudi kijijini kwa furaha.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi wetu huwa wepesi mno kuilaumu chipu. Kwa uzoefu wangu, tuhuma nyingi za kasoro ya maunzi huishia kwenye bafa isiyopangwa vizuri, kizuizi cha kumbukumbu (amri inayolazimisha uandishi na usomaji ufuate mpangilio) kilichosahauliwa, au kigeu (thamani yenye jina ndani ya programu) ambacho kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, ilikiweka kwenye rejista ya ndani ya prosesa bila idhini yako. Maliza hayo kwanza. Siku utakapomwandikia mtengenezaji wa chipu, swali lake la kwanza litakuwa hilohilo, na ni aibu kuulizwa jambo ambalo ungeligundua kwa dakika kumi.

Wiki mbili zilipita, kisha mzee akapiga tena. Sikuwa na la kumwambia. Safari hii nakala ilionyesha fungu la mwisho, kuanzia baiti ya 0xE0 hadi 0xFF (yaani 224 hadi 255), lote likiwa na vipimo vya zamani, vya karibu 1,560, wakati mkondo wa pampu katika bafa hiyohiyo ulithibitisha kwamba tangi lilikuwa limejazwa saa nzima. Mstari huo haukuwa na jirani tena. Hakuna kigeu kilichoshiriki nao, prosesa haikuandika humo hata mara moja, na amri ya kubatilisha ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu kwenye msimbo uliotolewa na kompaila. Ilitekelezwa, na mstari ukabaki pale pale.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza: nikafungua waraka wa kasoro wa chipu. Sitaitaja chipu wala aliyeitengeneza, kwa kuwa waraka wenyewe ulikuwa wazi kwa kila mtu na uvivu ulikuwa wangu. Mwongozo wake wa kurasa zaidi ya elfu moja nilikuwa nimeusoma mara kadhaa; waraka wa kasoro wenye kurasa chache ulikuwa umekaa kwenye kompyuta yangu kwa miezi bila kufunguliwa. Ndani yake kulikuwa na aya moja fupi iliyosema kwamba amri ya kubatilisha mstari mmoja inaweza isifanye kazi, bila kutoa taarifa yoyote, iwapo wakati uleule kashe inasubiri mstari mwingine ufike kutoka kwenye kumbukumbu kuu. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuzima intarapti (ishara zinazoikatiza prosesa ishughulikie jambo jingine), kusoma neno moja, yaani fungu dogo la baiti, kutoka kwenye anwani isiyopitia kashe ili yote yanayosubiriwa yafike kwanza, ndipo ubatilishe.

Waraka wa kasoro una namna yake ya kusomwa. Jambo la kwanza ni toleo la chipu, kwa sababu kasoro nyingi huwahusu wenye toleo fulani tu, na herufi ya toleo huandikwa juu ya chipu kwa maandishi madogo ambayo kamera ya simu huyasoma vizuri kuliko macho ya mtu aliyepita miaka arobaini. Katika bodi zangu thelathini kulikuwa na matoleo mawili, na hilo lilieleza kwa nini baadhi ya matangi hayakuwahi kulalamikiwa. Jambo la pili ni masharti. Mtengenezaji huandika masharti ya kasoro kwa lugha ya kisheria, na kila neno lina uzito: "iwapo", "na pia", "isipokuwa". Yachukue masharti hayo uyaandike upya kwa maneno yako, kisha ujiulize ni sehemu gani za programu yako zinaweza kuyatimiza yote kwa wakati mmoja. Usikimbilie dawa kabla ya kufanya zoezi hilo, kwa kuwa dawa imeandikwa kwa matumaini kwamba umeelewa ugonjwa.

Nilicheka baadaye nilipogundua kwamba dawa ya chipu yangu ilikuwa na babu yake. Kerneli ya Linux inayo msimbo kwa ajili ya prosesa ya MIPS R4600, ya miaka ya 1990, ambayo katika matoleo yake ya 2.0 amri kadhaa za kashe hufanya kazi sawasawa pale tu bafa ya ndani ya kujazia kashe inapokuwa tupu. Msimbo huo husoma anwani isiyopitia kashe kabla ya amri za aina hiyo. Kwa toleo la 1.7 la prosesa hiyohiyo dawa ni nyingine kabisa: amri nne zisizofanya chochote, zikitangulia amri ya kashe ili kusiwe na shughuli nyingine ya data karibu nayo. Prosesa moja, matoleo mawili, dawa mbili zisizofanana; na mtu aliyekariri ya kwanza akiipeleka kwa ya pili atakuwa amefanya kazi bure.

Wala hakuna dawa ya jumla. Linganisha visa viwili kutoka kwa Arm, kampuni inayobuni prosesa. Kwa prosesa ya Cortex-A53, kasoro namba 819472, 824069, 826319 na 827319 zote hukwepwa kwa kubadilisha amri ya kusafisha tu iwe amri ya kusafisha na kubatilisha kwa pamoja. Kwa kidhibiti cha kashe ya L2 (ngazi ya pili, iliyo mbali na prosesa kuliko L1) kiitwacho PL310, kasoro namba 588369 ni kinyume chake: amri ya kusafisha na kubatilisha kwa pamoja haibatilishi mistari ambayo haikubadilishwa, na dawa ni kuitenganisha iwe mbili, usafishe kwanza kisha ubatilishe, ukiwa umezuia kashe isijijaze mistari mipya katikati. Chipu moja inataka uunganishe, nyingine inataka utenganishe. Ndiyo maana huwa nasita ninapomsikia mtu akisema "sisi huwa tunafanya hivi" bila kutaja namba ya kasoro.

Upo ushauri mmoja maarufu miongoni mwa wanaotumia Cortex-M7, prosesa ya Arm ya vidhibiti vidogo, kwamba ukichoka na matatizo ya DMA uiweke kashe katika hali ya kuandika moja kwa moja hadi kumbukumbu kuu, ili usiwe na haja ya kusafisha. Ushauri huo una mantiki, nami nilikuwa karibu kuufuata katika mradi mwingine. Lakini kasoro namba 1259864 ya prosesa hiyo, iliyomo katika matoleo yake ya mwanzo, inahusu uharibifu wa data unaotokea hasa pale kashe inapotumika katika hali hiyo. Mtu anakimbia kazi ya kusafisha mistari na kuangukia kwenye shimo lililochimbwa na waliotengeneza prosesa. Kwa hiyo njia ya mkato nayo isomewe waraka.

Sasa nirudi kwenye kosa langu la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilipoielewa kasoro, niliiweka dawa ndani ya draiva ya vipimo, mahali nilipoiona. Ilikuwa mistari minane ya msimbo, safi na yenye maelezo mazuri. Baada ya siku tisa mashine mbili zikaacha kupokea ujumbe wa kubadilishiwa mipangilio. Modemu ilikuwa na bafa yake ya kupokelea, na draiva yake ilitoka kwenye maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) iliyokwisha kukusanywa, yaani kugeuzwa na kompaila kuwa amri za prosesa, na mtu mwingine, ambayo ilibatilisha mistari yake yenyewe kwa amri ileile, bila kupita kwangu. Niliziba tundu moja katika paa lenye matundu mengi na nikashangaa kulowa.

Dhana ya kwamba kila amri lazima ipite mahali pamoja ilitekelezwa vizuri katika ESP32, chipu ambayo mafundi wa vifaa vya mtandaoni wengi Afrika Mashariki wameishika mikononi. Katika matoleo yake yaliyotangulia toleo la 3, prosesa ikiandika kwenye kumbukumbu ya nje inayofikiwa kupitia kashe na muda mfupi sana baadaye ikasoma anwani ileile, kilichoandikwa kinaweza kupotea, na usomaji ukiwa mpana kuliko uandishi hata kilichosomwa kinaweza kuwa batili. Hebu fikiria ni programu gani duniani haiandiki na kusoma anwani moja mara kwa mara. Kila kigeu ni mtuhumiwa. Hakuna mwandishi wa programu anayeweza kuwinda matukio hayo kwa mkono, kwa sababu mpangilio wa kuandika na kusoma haumo kwenye msimbo wake wa lugha ya C. Unazaliwa ndani ya kompaila. Kwa hiyo dawa ikawekwa palepale amri zinapozaliwa: kompaila ikapewa chaguo liitwalo -mfix-esp32-psram-cache-issue, linaloifanya iingize amri za kizuizi au za kupoteza muda kila inapoona hatari.

Lakini hata hilo halikutosha, na hapa pana funzo lenye thamani kuliko chaguo lenyewe. ESP32 ina kumbukumbu ya kudumu iliyochongwa kiwandani, na humo mna sehemu za maktaba ya C ili kuokoa nafasi. Msimbo huo ulikusanywa kabla ya dawa kuwepo na hauwezi kubadilishwa kamwe. Ukiipa kompaila chaguo lile kwa msimbo wako tu, kisha ukaita kitendaji (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) cha kunakili kumbukumbu kilichochongwa kiwandani, umetoka nje ya uzio. Kwa hiyo ESP-IDF, mfumo wa kuandikia programu za ESP32, dawa inapowashwa, huacha kutumia sehemu hizo za maktaba zilizochongwa kiwandani na badala yake huunganisha nakala zilizokusanywa upya pamoja na dawa, zikikaa kwenye flashi (kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya) na kula nafasi yako. Kila mara ninapokagua dawa ya mtu mwingine siku hizi, swali langu la kwanza huwa hili: ni msimbo gani unaotekelezwa kwenye mashine hii ambao hukuukusanya wewe?

Kisa cha pili kinakwenda mbali zaidi, kwa sababu kinaonyesha amri inayoleta madhara bila kuamriwa na programu. Xbox 360, mashine ya michezo ya Microsoft iliyotoka mwaka 2005, ilikuwa na prosesa ya PowerPC yenye viini vitatu (sawa na prosesa tatu ndani ya chipu moja) vilivyoshiriki kashe ya L2 ya megabaiti 1, kila kiini kikiwa na kashe yake ndogo ya L1. Iliongezwa amri maalumu iitwayo xdcbt, ya kuvuta data mapema na kuiingiza L1 moja kwa moja bila kupitia L2. Ilikuwa na kasi nzuri, ila L2 ndiyo iliyokuwa mlezi wa makubaliano kati ya viini. Mstari ulioingia kwa mlango wa nyuma haukujulikana na mtu yeyote, na kiini kingine kilipoandika anwani hiyo, nakala ya zamani iliendelea kukaa L1 kana kwamba hakuna kilichotokea. Bruce Dawson, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft wakati huo, ameeleza hadharani kwamba aliitumia amri hiyo katika kitendaji cha kunakili kumbukumbu, na michezo ikaanza kuanguka huku nakala za kumbukumbu zilizochukuliwa baada ya kuanguka zikionekana salama kabisa. Bila shaka zilionekana salama: nakala ile iliakisi kumbukumbu kuu, na uongo ulikuwa umebaki L1.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kawaida: amri itumike tu pale mwito unapoomba kwa makusudi. Kitendaji kikawa na tawi, upande mmoja ukienda kwenye amri ya kawaida na upande wa pili kwenye amri ya hatari. Timu ya mchezo mmoja haikuomba hata mara moja, na mchezo ukaendelea kuanguka. Amri ya hatari ilipoondolewa na mahali pake pakawekwa kituo cha dibaga (amri inayoisimamisha programu ikifikiwa), mchezo uliacha kuanguka, na kituo hakikufikiwa kamwe. Maelezo yake ni kwamba prosesa hubashiri tawi litakwenda wapi na kuanza kutekeleza kabla ya kuwa na hakika. Ikikosea, hufuta matokeo na kurudi. Lakini kuvuta data mapema hakufutiki. Ilitosha amri kuwepo tu kwenye msimbo, jirani na tawi linaloweza kubashiriwa vibaya. Ukishakutana na kasoro ya aina hiyo, sharti la "iwapo" ndani ya programu halikulindi. Amri lazima iondoke kabisa kwenye njia ambayo prosesa inaweza kuibashiri. Nimewahi kuona dawa za watu zikiwekewa sharti la kuangalia toleo la chipu kwa mtindo huohuo wa tawi, na kwa kasoro nyingi inatosha, ila kwa amri inayodhuru kwa kubashiriwa tu haitoshi.

Kerneli ya Linux kwenye Arm ya biti 64 ina njia nzuri kwa hali kama hizi: wakati wa kuwaka, hutambua prosesa iliyopo na kuziandika upya amri zenyewe ndani ya kumbukumbu, ili mashine yenye kasoro ipate amri ya dawa na mashine isiyo na kasoro ibaki na amri ya asili. Hakuna tawi na hakuna kuuliza kila mara. Kwa kidhibiti kidogo njia hiyo ni anasa; mimi niliweka kitendaji kimoja cha kubatilisha, nikaipitia maktaba ya modemu kwa linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo uliokusanywa) na kuielekeza kwa nguvu kwenye kitendaji changu, kisha nikaandika hati ndogo inayotafuta amri ile katika faili la mwisho na kukataa kuendelea ikiikuta mahali pengine popote. Hati hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko mimi mwenyewe. Imenikamata mara mbili tangu wakati huo, zote mbili baada ya kuongeza maktaba mpya.

Kuhusu upimaji nitakuwa mkali kidogo. Kasoro iliyotoweka baada ya kuongeza mstari wa kuchapisha ujumbe haijatoweka, imebadilishiwa saa. Kuchapisha hubadilisha muda, hubadilisha kilichomo ndani ya kashe na hata hubadilisha mpangilio wa anwani. Kabla ya kujaribu dawa yoyote, ifanye kasoro itokee mara nyingi. Nilisoma masharti ya waraka na kuyalazimisha: intarapti ya taimu ikisoma safu kubwa kwa kuruka baiti 32 kila mara, ili kashe ikose daima na iwe inasubiri mistari muda wote, huku mzunguko mkuu ukiijaza bafa kwa namba zinazopanda na kukagua kama kuna iliyorudi nyuma. Kilichokuwa kikitokea mara moja kwa siku kadhaa kikawa kinatokea kila baada ya dakika nne hivi, na sio fungu la mwisho peke yake bali fungu lolote. Betri na joto vilikuwa vimeharibika tangu zamani, ila hakuna aliyegundua kwa kuwa thamani zake hazibadiliki sana kutoka saa moja hadi nyingine. Kisha niliweka dawa na kuiacha bodi ikizunguka kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, bila kosa hata moja. Halafu, na hatua hii watu wengi huiruka, niliiondoa dawa tena. Makosa yalirudi kabla chai haijapoa. Bila kurudi huko huwezi kujua kama ni dawa iliyoponya au ni kitu kingine ulichokigusa wikendi ile.

Zipo pia hali ambapo kila kiini cha chipu peke yake hakina kasoro, na tatizo linazaliwa na ujirani wao. Mwaka 2016 wahandisi wa Mono, mfumo wa kuendeshea programu za .NET, walikuwa wakifuatilia programu zilizoanguka kwenye simu zenye chipu ya Exynos 8890 ya Samsung, zikidai kukutana na amri batili mahali ambapo msimbo ulikuwa sahihi. Nyayo zilikuwa wazi kwa aliyezitazama: anwani zote ziliangukia nusu ya pili ya kila fungu la baiti 128. Viini vikubwa vya chipu ile vina mstari wa kashe wa baiti 128 na viini vidogo vina wa baiti 64. Msimbo wa kusafisha kashe uliuliza urefu wa mstari mara moja tu, ukaukariri. Ukiwa umeuliza ukiwa kwenye kiini kikubwa kisha kerneli ikakuhamishia kiini kidogo, uliruka kila mstari wa pili. Walioandika msimbo ule hawakuwa wazembe, maana hakuna aliyetarajia kwamba jibu la swali hilo lingebadilika katikati ya safari. Tangu nisome habari hiyo, sikariri tena urefu wa mstari. Na pale ninapolazimika kukariri, nachukua ule mdogo kuliko yote.

Gharama ya dawa nayo isemwe waziwazi kwa anayelipa. Mwaka 2007 kampuni ya AMD ilipogundua kasoro namba 298 katika prosesa zake za kwanza zenye viini vinne, iliyohusu jedwali la kurasa na kashe za L2 na L3, dawa iliyowekwa kwenye BIOS (programu inayoiwasha kompyuta) ilipunguza kasi kiasi cha kuonekana, na wenye mashine za nyumbani wengi walitafuta namna ya kuizima kwa kuwa waliona bora kubahatisha kuliko kwenda polepole, hadi toleo la B3 lilipotoka mwaka 2008. Kwangu kuzima intarapti kwa muda mfupi kuliongeza matumizi ya betri kidogo sana, nikamwambia mwenye mradi kabla hajauliza. Alichotaka kujua ni kama mzee ataacha kumpigia simu.

Dawa ikishakaa, iandikie maelezo kana kwamba atakayeyasoma ana nia ya kuifuta, maana siku moja atakuwepo. Yangu yana namba ya kasoro, matoleo yanayohusika, masharti kwa maneno yangu, jina la jaribio linaloirudisha, na sentensi moja inayosema ni lini inaruhusiwa kuondolewa. Mwaka jana kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliona usomaji wa anwani usiotumia jibu lake, akadhani ni uchafu, akaufuta. Jaribio likamkatalia jioni ileile, akaja mezani na maelezo yangu yamefunguliwa kwenye skrini: "Kaka, kumbe hii ndiyo ile ya tangi?"

Bodi mpya zina toleo la chipu lisilo na kasoro. Programu husoma rejista ya toleo inapowaka na kuchagua kitendaji kinachofaa, lakini bodi kumi na moja za zamani bado ziko juu ya matangi, kwa hiyo ile anwani isiyopitia kashe inaendelea kusomwa kila saa, na jibu lake kutupwa.